Njia ya Pongo

Mwezi wa tisa, huku Kwamsisi,
miyombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua
kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu
na mwezi haujaandama.

Ndio wakati wa kusoma ardhi.
Kuwinda bado.

Siku ya kwanza niliona alama za kwato,
kama kokwa mbili za tende
zimelazwa ubavu kwa ubavu kwenye tope la kijito.
Kingo zake zilikuwa bado zinang'aa:
amepita baada ya adhana, kabla jua halijafika mkwajuni.
Baba mdogo Semdoe akachuchumaa,
akapima kwa kijiti, akasema neno moja,
"Dume."

Siku ya pili, mkole uliochubuliwa gome kimo cha goti.
Siku ya tatu, mavi, punje nyeusi
kama kunde zilizomwagika gizani.
Nilizivunja kwa vidole (mke wangu asijue),
ndani mna maganda ya kunazi.

Siku ya nne sikuona kitu.
Siku ya tano pia.

Ya sita nilimsikia. Alibweka mara moja,
kama mbwa aliye ndani ya mtungi,
na ndege wote wakanyamaza kumpisha.

Basi nikaanza kumjua kuliko ninavyowajua majirani:
saa anayoshuka kunywa,
mti anaoukwepa kwa sababu ya nyuki,
mahali anaposimama na mguu mmoja juu
kana kwamba amesahau alichofuata.
Yote niliyaandika nyuma ya kibali.
Mbele palikuwa na mhuri, na maneno matatu:
Pongo, dume, mmoja.
Bi Kilua wa wanyamapori alinikabidhi akiniangalia usoni:
"Ukimjeruhi akakimbia, huyo ndiye mmoja wako.
Usirudi hapa kuniomba wa pili."

Kwetu umande ni vitu viwili:
maji yaliyolala juu ya majani,
na upepo utokao bara kwenda baharini kabla hakujapambazuka.
Ule wa kwanza huficha mlio wa miguu.
Huu wa pili husema jina lako kwa kila mwenye pua.
Tukakaa upande wa bahari, nyuso zimeelekea upepo,
Semdoe anatafuna kijiti chake,
mimi sitafuni kitu.

Akaja. Kwa njia yake, kwa saa yake,
mistari myeupe ubavuni kama chokaa iliyochuruzika.
Akainua mguu.
Nikapiga.

Alikwenda hatua nne. Nilizihesabu baadaye.

Shingo ilikwenda kwa Semdoe,
paja kwa Mwanamvua aliyetukopesha chumvi,
maini tuliyala palepale na ndimu.
Bi Kilua akaja na pikipiki, akazishika pembe,
akapiga mstari juu ya yale maneno matatu,
akapewa chai, akasema ina tangawizi nyingi.

Jumanne, saa kumi usiku, niliamka.
"Unakwenda wapi," mke wangu akauliza, "na nyama imejaa chunguni?"
Sikuwa na jibu. Nilivaa viatu.

Kijito kilikuwepo. Mkole ulikuwepo,
jeraha lake limeanza kuota ukingo.
Nyuki walikuwa kwenye mti wao.
Nami nilikuwa na habari zote zile kichwani,
saa, njia, mguu wa kushoto, kunazi,
kama mtu aliyehifadhi barua nzima kwa moyo
na wa kuisomewa amehama.

Pale anapokatiza kwenda majini
buibui alikuwa amefunga njia kwa utando,
kimo cha kifua chake hasa,
umejaa umande, hauna tundu hata moja.

Sikuukata. Nilizunguka,
nikaingia kwenye upupu,
nikarudi nyumbani najikuna shingo na mikono,
na mke wangu alicheka
mpaka uji ukafurika jikoni.